Maneno ya Wazee na Maghala ya Kompyuta: Kutoka Kadi Hadi Wingu

Tangu wanachama walipoombwa wakusanye simulizi na methali za wazee katika wilaya zao, swali moja limetufikia mara nyingi kuliko mengine. Halihusu ngeli wala tahajia. Walimu wanauliza: tukishamrekodi mzee, maneno yake tuyaweke wapi? Wengine wameyaacha katika simu zao, wengine wameyatia katika flashi, wengine wana kaseti za zamani zilizojaa kabatini, na mwalimu mmoja alituambia kwamba yake yako winguni, kwa hiyo hana wasiwasi. Katika makala haya twakusudia kueleza historia ya maghala hayo, jinsi kila moja lilivyozuka na kwa haja gani, ili kila mwalimu aweze kuyalinganisha kwa akili yake mwenyewe. Sisi si mafundi wa kompyuta. Tu walimu wa lugha tuliowahi kupoteza kitu cha thamani kwa kutojua tofauti hizo, na habari hiyo tutaifikia.

Kuhusu istilahi, wapo wasemao tarakilishi na wapo wasemao ngamizi. Hapa tutasema kompyuta, maana ndilo neno la sokoni na la darasani; kadhalika tutasema diski, disketi na flashi. Mabishano ya maneno tuyaachie toleo jingine.

Kabla ya kuendelea, yafaa tutenge vitu viwili ambavyo wanafunzi wetu huvichanganya. Kompyuta ina kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo ni kama ubao wa darasani: huandikwa na kufutwa upesi, na umeme ukikatika kila kilichokuwa juu yake hutoweka. Aliyewahi kuchapa mtihani wa kurasa sita bila kuuhifadhi, kisha taa zikazimika, anaujua ubao huo vizuri. Kisha kuna ghala, ambalo ni kama daftari: hubaki na kilichoandikwa hata baada ya kengele kulia. Sisi twazungumzia daftari. Na ili tuweze kulinganisha, tutumie kipimo kimoja. Herufi moja ya maandishi ya Kiswahili huchukua nafasi ambayo mafundi huiita baiti, na ukurasa wa kitabu cha kiada hubeba kama herufi 2,000, pamoja na nafasi baina ya maneno.

Ghala la kwanza lilikuwa la karatasi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa Joseph-Marie Jacquard alitumia kadi zenye matundu kuongoza mtambo wa kufuma hariri: penye tundu sindano ilipita, pasipo na tundu ilizuiwa, na ua likajitokeza juu ya kitambaa. Huko Marekani, kwa ajili ya sensa ya mwaka 1890, Herman Hollerith alitumia fikra ya namna hiyo kuhesabu watu badala ya nyuzi. Kila mtu alipata kadi yake, na umri wake, jinsi yake na kazi yake vikawa matundu. Sensa ya mwaka 1880 ilikuwa imechukua miaka kama saba kuchambuliwa. Ile ya mwaka 1890, yenye watu zaidi ya milioni 62, ilitoa jumla yake baada ya miezi michache. Kampuni aliyoianzisha Hollerith iliungana na nyingine na hatimaye ikaitwa IBM, na mwaka 1928 IBM ilitoa kadi ya safu 80, yaani kadi moja kwa herufi 80. Kwa kipimo chetu, ukurasa mmoja ulihitaji kadi 25, na kitabu cha kurasa mia moja kilihitaji kadi 2,500 zilizopangwa kwa utaratibu. Ole wake karani aliyezidondosha! Hata hivyo kadi ilikuwa na sifa moja ambayo hakuna ghala la baadaye lililoirithi: tundu liliweza kuonekana kwa macho. Mtu mwenye subira na ufunguo wa matundu hayo aweza kuisoma kadi hata leo pasipo umeme.

Baada ya karatasi ukaja utepe wa sumaku. Valdemar Poulsen wa Denmark alionyesha mwaka 1898 kwamba sauti yaweza kunaswa kwa sumaku katika waya wa chuma, na mwaka 1928 Fritz Pfleumer wa Ujerumani alipata hataza ya utepe uliopakwa unga wa chuma. Wenye kompyuta waliuazima ufundi huo kutoka kwa watu wa sauti. Kompyuta ya UNIVAC ya mwaka 1951 ilitumia utepe wa madini, mzito kwelikweli. Mwaka uliofuata IBM ilitoa mtambo wa utepe wa plastiki, na gurudumu moja la utepe wake lilibeba tarakimu zipatazo milioni mbili, mahali pa maelfu ya kadi.

Walimu wa rika letu hawahitaji maelezo marefu juu ya utepe, kwa kuwa walifundisha kwa kaseti. Mnakumbuka tulivyotia kalamu ya wino katika tundu la kaseti tukaizungusha ili kuokoa betri? Hiyo ndiyo kasoro ya utepe kwa ufupi. Ukitaka hadithi ya nne, huna budi kupita juu ya ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwa mishahara ya wafanyakazi wote, inayolipwa kwa mfuatano mwisho wa mwezi, jambo hilo si taabu. Lakini mteja akisimama dirishani akauliza salio lake, na salio hilo liko mwisho wa utepe, atasubiri.

Hapo ndipo anapoingia mwalimu mwenzetu. Reynold Johnson, aliyezaliwa mwaka 1906, alikuwa mwalimu wa sekondari katika mji wa Ironwood, jimbo la Michigan. Alichoshwa, kama tunavyochoshwa sote, na kusahihisha mitihani ya kuchagua jibu. Inasimuliwa kwamba utotoni aliwachezea shere vijana waliokuja kuwaposa dada zake, kwa kupaka risasi ya penseli katika plagi za magari yao ili yasiwake, maana risasi ya penseli hupitisha umeme. Utundu huo alikuja kuukumbuka ukubwani: ikiwa alama ya penseli hupitisha umeme, mashine yaweza kuhisi ni jibu lipi mwanafunzi aliloliweka alama. Akaunda mtambo wa kusahihisha. IBM ikaununua ubunifu wake na mwaka 1934 ikamwajiri yeye mwenyewe, na mwishoni mwa miaka ya 1930 mashine hiyo ilikuwa ikiuzwa. Twakiri kwamba tuliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza, tukiwa na rundo la karatasi 140 za kidato cha pili mbele yetu, tulimwonea wivu.

Mwaka 1952 Johnson alitumwa San Jose, California, kuanzisha maabara ndogo. Yeye na wenzake walitafuta ghala ambalo mtu angeweza kulifungua mahali popote, kama afunguavyo kitabu katikati. Jawabu lao lilifanana na santuri. Aliye na santuri haanzii mwanzo: huinua sindano akaiteremsha juu ya wimbo autakao. Basi walichukua sahani za madini zenye upana wa inchi 24, wakazipaka rangi yenye unga wa chuma, wakazipanga 50 katika mhimili mmoja na kuzizungusha mara 1,200 kwa dakika. Yasemekana kwamba rangi hiyo walikuwa wakiichuja kwa soksi za nailoni za kike. Mkono wenye kichwa cha kusomea ulipanda na kushuka baina ya sahani, na kichwa hakikuigusa sahani bali kilielea juu ya hewa iliyosukumwa kwa nguvu. Mtambo huo, ulioitwa RAMAC, ulitangazwa mwezi wa Septemba mwaka 1956. Ulikuwa na uzito uliozidi tani moja, ulikodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi, nao ulihifadhi herufi milioni tano. Kwa kipimo chetu hizo ni kurasa 2,500. Mtu wa leo atacheka. Asisahau kwamba ukurasa wowote kati ya hizo 2,500 ulipatikana katika muda usiofika sekunde moja, na kabla ya hapo hakuna mashine ya biashara iliyoweza kufanya hivyo.

Diski ngumu ya siku hizi ni mjukuu wa RAMAC. Sahani zimekuwa ndogo, na kichwa kinaelea karibu mno na sahani, kwa umbali ambao hata chembe ya moshi haiwezi kupita. Ndiyo maana hufungwa ndani ya kisanduku kisichopitisha vumbi, na ndiyo maana kompyuta ya shule inayoangushwa kutoka mezani wakati ikifanya kazi aghalabu haiamki tena. Diski ngumu haina adabu ya kuzeeka polepole. Leo inafungua kila kitu, kesho inatoa mlio kama wa panya, na kesho kutwa imekufa na yote yaliyomo.

Ghala la kubebeka lilizaliwa mwaka 1971, IBM ilipotoa disketi ya inchi 8, sahani laini ya plastiki ndani ya bahasha yake. Ikafuata ya inchi tano na robo mwaka 1976, halafu ile ya inchi tatu na nusu ya kampuni ya Sony mwaka 1981. Wengi wetu twaikumbuka ile ya mwisho, ngumu kwa nje, yenye mlango mdogo wa chuma ambao wanafunzi waliuchezea hadi ukang'oka. Ilibeba megabaiti 1.44, kama kurasa 720 za maandishi matupu.

Na sasa tuieleze habari yetu. Mwaka 2003, tukiwa wanachuo katika chuo kimoja cha ualimu, sisi na wenzetu saba tulizunguka katika mtaa wa Waswahili wa mji wetu tukiwarekodi wazee. Walikuwa watoto wa wapagazi, wa wafanyabiashara na wa askari waliofika bara kutoka pwani, na Kiswahili chao kilikuwa na maneno ambayo hatukuyaona katika kamusi yoyote. Tulijaza kaseti 31. Chuo kilikuwa na kompyuta mbili, nasi tulipewa disketi 12. Hapo hesabu ilituamulia mambo bila sisi kutambua. Saa moja ya sauti, ikinakiliwa kwa ubora wa CD, huchukua zaidi ya megabaiti 600, yaani disketi zaidi ya 400. Sauti za wazee hazikuwa na mahali pa kukaa. Maneno yao yalikuwa na mahali. Basi tulisikiliza, tukachapa, tukahifadhi maandishi katika disketi, na kaseti tukazirudisha stoo ya chuo. Katika maandishi yetu hamna kiimbo, hamna kicheko, wala hamna pale ambapo bibi mmoja alinyamaza kwa muda mrefu kabla ya kumtaja mumewe. Muhula uliofuata kaseti ziligawiwa darasa la muziki, zikarekodiwa kwaya juu yake. Hatumlaumu mtu. Kaseti mpya zilikuwa ghali, na juu ya zile zetu tulikuwa tumeandika tarehe peke yake.

Kama kuna faraja, ni kwamba wakubwa kuliko sisi wamefanya hivyo hivyo. Binadamu walipotua mwezini mwezi wa Julai mwaka 1969, picha za moja kwa moja zilinaswa katika tepe maalumu, zikiwa safi kuliko zile tulizozoea kuziona. Miaka ya baadaye zilitafutwa kwa juhudi kubwa, na mwaka 2009 NASA ilieleza kwamba yaelekea tepe hizo zilifutwa na kutumiwa tena kwa kazi nyingine, kwa kuwa tepe zilikuwa haba. Picha za matangazo ya televisheni zilibaki. Zile safi zilikwenda na maji.

CD tutaipitia upesi. Philips na Sony waliitoa mwaka 1982 kwa ajili ya muziki, na katikati ya miaka hiyo ya 1980 ikaanza kutumiwa na kompyuta. Mionzi ya leza husoma vishimo vidogo sana, na sahani moja huchukua kama megabaiti 650, au kurasa 325,000. Iliyochapwa kiwandani hudumu vizuri. Ile tunayoirekodi wenyewe haina vishimo bali ina rangi inayounguzwa na leza, na rangi hiyo hupauka kwa jua na joto. CD iliyoachwa juu ya dirisha la ofisi isitegemewe.

Flashi nayo ina historia inayowahusu watu wa lugha. Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba ya Japani, aliieleza kumbukumbu hiyo hadharani mwaka 1984. Jina lake lilipendekezwa na mwenzake Shoji Ariizumi, aliyeona kwamba jinsi data zinavyofutwa zote kwa pamoja kulifanana na mmweko wa taa ya kamera. Ndani ya flashi hamna kinachozunguka. Kila nukta ni kisima kidogo cha umeme kilichofungwa, na kujaa au kutojaa kwake ndiko maandishi. Ilipoanza kuuzwa kama kijiti cha kuchomekwa katika kompyuta mwaka 2000, ilibeba megabaiti 8. Leo ya gigabaiti 32 huning'inizwa pamoja na funguo za nyumba, nayo yaweza kubeba kurasa milioni 16. Haiogopi kuanguka kama diski ngumu. Lakini visima hivyo huvuja: flashi iliyoachwa miaka mingi bila kuguswa yaweza kupoteza ilichokabidhiwa, na kila inapoandikwa na kufutwa huchakaa kidogo. Aidha hupita kwenye kila kompyuta ya mjini na kurudi na virusi. Twaiona kuwa ni mjumbe mzuri na bawabu mbaya.

Kuhusu wingu, jina limewapoteza wengi. Hakuna kitu angani. Tangu kampuni ya Amazon ilipoanza kukodisha nafasi ya kuhifadhi mwaka 2006, wingu limekuwa ni majumba yaliyojaa diski za watu wengine, nasi huzifikia kwa intaneti. Kwa nchi zetu za bara jambo hili liliwezekana hasa baada ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010. Faida yake ni kubwa: nakala huwekwa katika mashine zaidi ya moja, na moto wa ofisi yetu hauzigusi. Ila ghala hilo lina mlango, na mlango una neno la siri. Mwalimu akistaafu au akifariki bila kumwachia mtu neno hilo, au ada isipolipwa, simulizi za wazee zitakuwa salama mahali ambapo hakuna awezaye kuingia. Tulimjibu hivyo mwenzetu yule asiye na wasiwasi.

Wala utepe haujafa, ijapokuwa wengi hudhani hivyo. Mabenki, maabara na maktaba kubwa za dunia bado huutumia kwa nakala za akiba. Kaseti moja ya aina iliyotoka mwaka 2021 hubeba terabaiti 18. Utepe hukaa rafuni bila kula umeme, na kasoro yake ya kutafuta polepole haimsumbui mtu anayehifadhi asichokihitaji leo. Mashine ya kuusoma ndiyo ya bei kubwa, hivyo si ghala la chama cha wilaya.

Jambo lililotufikirisha kuliko yote lilitokea Uingereza. Mwaka 1086 mfalme William alifanya orodha ya ardhi na mali ya nchi yake, ikaandikwa juu ya ngozi za kondoo. Mwaka 1986, kwa kuadhimisha miaka 900 ya kitabu hicho, shirika la BBC liliwaomba watu waeleze maisha ya mahali pao. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki, wengi wao wakiwa watoto wa shule pamoja na walimu wao. Kazi yao iliwekwa katika sahani kubwa za leza zilizosomwa kwa mashine maalumu na ghali. Haikupita hata miaka 20, mashine hizo zilikuwa zimeadimika, na ilibidi watafiti waunde programu inayoiga kompyuta ya kale. Mwaka 2002 walionyesha kwamba sahani hizo zaweza kusomeka tena. Muda wote huo ngozi ya kondoo ilikuwa inasomeka na yeyote ajuaye Kilatini.

Msomaji asitudhanie kwamba twataka kurudi kwenye ngozi. Hata karatasi inahitaji msomaji. Miswada ya tenzi zetu za kale iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ule wa Utendi wa Tambuka ulioko Hamburg hutajwa kuwa wa mwaka 1728. Wino haujafutika, ila ni walimu wangapi miongoni mwetu wawezao kuusoma? Upande wa pili kuna mfano wa Kongo. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, katika Kiswahili cha watu wa huko, kikiwa kijitabu cha kuchapwa kwa taipu. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikitoa kitabuni pamoja na tafsiri, na baadaye matini yake ikawekwa katika intaneti ndani ya hazina ya Kiswahili cha watu wa kawaida. Kijitabu kile kingeweza kuliwa na mchwa; leo kipo katika maktaba za mabara kadhaa na katika kompyuta ya yeyote apendaye kukisoma.

Mwaka 2019 tulizipata disketi zetu 12 ndani ya sanduku la vitabu. Sony ilikwisha acha kuziuza Japani mwaka 2011, na katika mji wetu hapakuwa na kompyuta yenye tundu la kuzipokea. Fundi mmoja wa redio alitutolea kisomeo cha zamani kutoka katika lundo la vyuma vyake. Saba zilifunguka. Mbili zilifunguka nusu, na tatu zilikuwa na ukungu mweupe. Tuliyoyaokoa tumeyaweka katika diski ngumu mbili zilizo katika nyumba mbili, tumeyapandisha winguni na kuwapa wanachama watatu neno la siri, na tumeyachapa katika karatasi, kurasa 388, nakala tatu. Kila mwezi wa Agosti mmoja wetu huzifungua zote na kuandika katika daftari kama zimefunguka.

Kisha mwaka jana binti wa yule bibi aliyenyamaza alituletea kaseti moja. Mwenzetu mmoja alikuwa amempa mzee nakala ya sauti yake mwenyewe, kwa adabu tu, na kaseti ikakaa chini ya godoro miaka zaidi ya 20. Ni dakika 22. Mwishoni utepe umejikunja, na fundi ametuonya tusiicheze mara mbili. Tumekubaliana kuinakili katika likizo ijayo, kwa mashine ya kuazima, binti akiwapo.